Wamefika Kwenye Nyanja Yetu?

Kamachumu,
9 Machi 1964

Mdogo wangu Josia,

Mpola waitu. Sisi tupo, tunakula, tunasali, mvua inatupiga. Taata hajambo, ila macho yamezidi kumsumbua, kwa hiyo barua zako namsomea mimi. Hata sasa yuko mbele yangu ananitajia la kuandika, na nusu ya anayoyataja siyaandiki. Ndizi zimebeba vizuri. Ng'ombe wa baba mdogo Ta Lameki kazaa dume, na anavyoringa ungedhani kazaa yeye.

Sasa habari yenyewe. Ziwa bado linapanda. Tulidhani mvua za mwaka wa Uhuru zimekwisha na mambo yake, kumbe wapi. Shangazi yetu Ma Georgina, yule wa ufukweni Muleba, shamba lake la viazi limemezwa lote na maji yamefika mlangoni pa jiko. Amehamia kwa mwanawe pamoja na kuku wake. Bukoba nako wanasema kuna nyumba za karibu na ziwa zimeachwa na wenyewe. Kila mtu ana maelezo yake: huyu anasema Uhuru ndio umelifurahisha ziwa, yule anasema mizimu imekasirika. Taata anawajibu wote maneno mawili tu: "Ngojeni Josia."

Unakumbuka Jumapili ile ya kukuaga, alivyosimama kanisani na koti lake akatangaza kuwa mwanawe anakwenda Ulaya kusomea Enyanja? Basi tangu siku hiyo hajashuka. Nikishika bahasha yako, hata sijaifungua, anauliza, "Wamefika kwenye Nyanja yetu?" Anadhani mnasoma kitabu kimoja kikubwa, sura baada ya sura, na sura ya ziwa letu iko njiani. Niambie nimjibu nini.

Unakula? Usinidanganye.

Ni mimi niliyekubeba mgongoni ukanikojolea,
Kokuhirwa


Gothenburg, Uswidi,
2 Mei 1964

Dada Kokuhirwa,

Barua yako imenifikia ikiwa bado ina harufu ya moshi wa jikoni kwetu. Niliinusa kwanza, ndipo nikaisoma. Mimi ni mzima. Nakula, lakini ni viazi asubuhi, viazi mchana, na usiku samaki mwenye chumvi pamoja na viazi. Mwezi wa tano huu na bado navaa makoti mawili. Msalimie Ma Georgina, mpe pole ya shamba.

Kuhusu swali la Taata, niseme nini dada. Kihaya chetu kina neno moja, enyanja, kwa maji yote makubwa. Wenye Kiswahili chao wanatenga: hili ziwa, ile bahari. Ninachosomea mimi ni bahari, maji ya chumvi. Nilijua siku ile ile kanisani kwamba Taata na watu wote walielewa ziwa, lakini ningemkatizaje mzee mbele ya washarika wote? Hapa kuna Mtanga mmoja, mtu wa pwani kwetu, Muharami, anafanya kazi bandarini. Nilipomweleza alicheka mpaka akakaa chini. Akasema, "Yaani mtu wa dimbwini umekuja kusomea bahari!"

Kazi yenyewe ni hii. Tunatoka na meli, tunateremsha chupa za chuma kwa waya mrefu. Huko chini zinajifunga zenyewe, tunazipandisha, tunapima joto na chumvi ya maji ya kila kina. Kuna wataalamu wanaosema moshi wa viwanda unaipasha dunia nzima joto, na kwamba joto hilo bahari inalimeza kimyakimya. Wengine wanawacheka. Profesa wangu hacheki. Anasema bahari inakawia kujibu. Nikakumbuka chungu chako cha ndizi kikishaepuliwa, mtu anadhani kimepoa, kumbe ndani kinaunguza.

Mwambie Taata taratibu kwamba hakuna sura ya ziwa letu. Au usimwambie. Wewe ndiwe unayemjua.

Mdogo wako,
Josia


Kamachumu,
20 Julai 1964

Josia,

Mpola. Kahawa tumeanika, jua limetuonea huruma. Nimekufungia kahawa za kutafuna, zile nilizochemsha mwenyewe na majani, ziko kwenye kifurushi cha majani ya mgomba. Ukimpa Mtanga wako akazitema, usimpe tena.

Nilimwambia Taata. Nilizunguka weeee, nikafika. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mungu aliumba maji mara moja tu. Mwambie aendelee kusoma, watafika." Basi. Nimemaliza kazi yangu.

Ubaya ni kwamba Ta Lameki alikuwepo. Jioni kwenye lubisi, pombe yetu ya ndizi, akawaambia wenzake kwamba Josia kaenda kusomea bahari, na bahari iko wapi Kamachumu? Huyo harudi, alisema. Taata alisikia yote.

Wewe ndiwe mwana wa kiume peke yako, Josia, na kibanja hiki, nyumba na migomba yake, kinakungoja. Mimi mume alinirudisha kwa sababu sikumzalia, na hapa naishi kwa kivuli cha Taata. Kesho itakuwa kwa kivuli chako. Mwanamke wa Kihaya harithi kibanja hata akikipalilia mpaka mgongo upinde. Sikuiti. Nasema tu.

Ulisema miaka mitatu. Nahesabu.

Kokuhirwa


Gothenburg,
11 Novemba 1965

Dada yangu,

Najua. Mwaka umepita na ulichopata kwangu ni kadi mbili zenye picha za theluji. Usinune. Niko hai, nimekonda kidogo, nimejifunza kupika uji wao. Natumaini Taata hajambo na macho yake.

Huku saa kumi alasiri ni giza. Leo nimekaa dirishani nikakumbuka kwamba huko ni mwezi wa senene. Nimewaona kabisa, wakitua kijani kibichi kwenye nyasi za rweya, ule uwanda wa wazi, na watoto wakikimbia na vikapu. Unakumbuka nilivyokuwa nakuletea nyuma ya nyumba, kwa kuwa nyinyi wanawake mliruhusiwa kuwakamata na kuwakaanga lakini si kuwala? Ulikuwa unatafuna huku umeziba mdomo kwa kanga, na machozi ya kicheko yanakutoka. Nimelia, dada. Nimelia kwa ajili ya panzi.

Kahawa zako namung'unya moja kila Jumapili badala ya ibada, maana mahubiri yao bado yananipita. Zimebaki chache. Muharami alizitema, kama ulivyosema.

Mwakani namaliza. Krismasi ya mwakani niwekeeni mkungu.

Josia


Kamachumu,
6 Februari 1966

Mdogo wangu,

Mkungu nimeshauchagua, uko nyuma ya zizi. Mvua za vuli zilikuwa za kawaida. Ma Georgina anakusalimu, anauliza kama huko Ulaya wanawafundisha namna ya kulirudisha ziwa nyuma, kwa sababu lake halijarudi.

Taata hajambo. Kanisani haendi sana, anasema Mungu anasikia hata kutoka barazani. Kupogolea migomba amemwachia kijana wa jirani. Anakaa juani, na jua likihama namsogeza. Hajambo kabisa.

Ta Lameki amepanda kahawa upande wetu wa mlamula. Miti hiyo ya mpaka aliipanda babu yetu na kila mtu Kamachumu anajua maana yake, lakini yeye mwaka huu haioni. Nilipomuuliza alisema anasaidia tu, maana shamba halina mwanamume. Nikamwambia mwanamume yuko, amesafiri. Akasema asiyekuwepo na lake halipo. Nilitaka kumrushia jembe. Sikumrushia, nimeokoka.

Krismasi, Josia. Nimeshamwambia Taata.

Kokuhirwa


Gothenburg,
30 Agosti 1966

Dada Kokuhirwa,

Salamu kwako na kwa Taata na kwa kila anayeniulizia. Nimeshinda mtihani wa mwisho. Mpe Taata habari hiyo kwanza, mwache aifurahie, ndipo umsomee inayofuata.

Krismasi sitakuja. Hakuna aliyenizuia, mimi mwenyewe nimeomba kubaki. Kuna jambo nimeliona katika taarifa za zamani za meli zilizopita bahari yetu ile ya Dar es Salaam, jambo dogo, pembeni kabisa ya kazi waliyonipa. Siwezi kulisema bado, kwa sababu nikilisema na likawa uongo sitakuwa na uso wa kumtazama Taata. Ili niruhusiwe kulifuatilia, imenibidi kukubali kwenda na meli ya utafiti huko kaskazini kwenye barafu. Tutakaa majini miezi mingi na barua hazitanifikia.

Mwambie Taata asichoke kuuliza lile swali lake.

Nakuomba usikasirike. Au kasirika, lakini uniandikie.

Josia


Kamachumu,
18 Oktoba 1966

Josia,

Rudi.

Taata amenikataza kuandika sababu. Anasema mtu aliye majini haitwi kwa nguvu, atageuka ghafla azame. Mimi si mtoto wa kuvunja amri ya mzazi, kwa hiyo sababu siandiki. Taata hajambo. Ndizi amezikataa, anakunywa uji. Mtihani wako ameutangaza kwa kila apitaye njiani, kwa sauti ndogo, inabidi watu wainame.

Najua uko kwenye barafu na barua hii itakusubiri mezani. Nimeiandika hivyo hivyo. Rudi.

Kokuhirwa


Kashai, Bukoba,
15 Machi 1967

Josia mdogo wangu,

Kaa chini kwanza.

Taata alitutoka mwezi wa kwanza, asubuhi, nikiwa nimemtoa nje kuota jua. Tumemzika kibanjani, kando ya mama, pale ulipokuwa unacheza. Kwaya iliimba, watu walijaa mpaka barabarani. Telegramu ilipelekwa kwenye chuo chenu, wakajibu kwamba uko majini.

Hakuumwa sana. Siku za mwisho mara ananiita jina lako, mara jina la mama yetu, lakini alikuwa mpole. Siku moja kabla, ililetwa bahasha ya kanisa ya mchango. Alipoona nimeshika bahasha akauliza, "Wamefika?" Nikamwambia ndiyo, Taata, wamefika. Nilisema uongo, nami sitatubu.

Mimi nipo, nina afya. Pole. Pole sana, mwana wa mama.

Kokuhirwa


Gothenburg,
28 Aprili 1967

Dada yangu,

Nimeshuka melini jana, nikakuta barua zako mbili mezani zikiwa zimepangwa vizuri. Nilizifungua bila kuangalia tarehe. Nilianza na ya msiba, halafu nikasoma ile ya Oktoba inayosema Taata hajambo anakunywa uji. Nimekaa nazo usiku kucha. Miaka yote hii nimekuwa nikisoma vipimo vya maji nisiyoyaona, na barua za dada yangu nimeshindwa kuzisoma. Jua likihama unamsogeza. Uliniandikia hivyo, nami sikuelewa.

Sikuwepo kutupa udongo. Sina la kusema juu ya hilo, dada. Linauma tu.

Jambo nililokuwa nalitafuta nimelipata, au nadhani nimelipata. Profesa anasema uthibitisho zaidi unatakiwa, na wapo wasioamini. Lakini nilitaka Taata awe mtu wa kwanza kulisikia, na sasa sijui nilikuwa namkimbizia nani.

Halafu niambie. Barua yako ya msiba imeandikwa Kashai. Unafanya nini Kashai?

Josia


Kashai, Bukoba,
25 Juni 1967

Josia,

Nilijua utaona. Ulipaswa kuona mengine pia, lakini nimekusamehe.

Niko Kashai kwa mwanamke mmoja anaitwa Sada, ana vyumba vya kupangisha na cherehani mbili. Mchana nashona, jioni tunakaa barazani tunawasema wapita njia. Mtu mwema, ananicheka Kiswahili changu. Redio yake inaimba Azimio la Arusha kutwa, unyonyaji basi, unyonge basi. Nikamuuliza kama hilo Azimio limeshapita kwa Ta Lameki.

Haya, nasema yote. Siku ya kuondoa matanga, ukoo ulikaa kumweka omusika, mrithi wa Taata. Kiti kilikuwa wazi. Mimi nikaenda chumbani, nikatoa koti lako la shule, nikalitandika juu ya kiti. Ta Lameki akasema, "Koti halipogolei migomba." Watu wengine walicheka, Josia, kwenye matanga ya Taata. Wakaamua yeye akishike kibanja mpaka mwaka huu uishe, na usipotokea atamweka mwanawe. Wiki iliyofuata mke wake alileta vyungu vyake jikoni kwangu, akaniuliza mimi nitalala wapi. Nikachukua nguo zangu na koti lako. Sikusubiri aulize mara ya pili.

Sikutaka kukuambia, kwa sababu Taata alikataza kukuita, na mimi nilimwahidi. Lakini Taata amelala na mimi niko macho. Hapa usiku nasikia ziwa, na nikisikia ziwa nakosa usingizi, natamani kusikia migomba yetu ikipigana na upepo. Nimepakosa nyumbani mpaka mwili unauma. Sasa nakuita. Rudi, Josia. Ukija ukaondoka tena, uondoke, lakini njoo ukae kwenye kile kiti.

Dada yako


Kamachumu,
10 Desemba 1967

Dada Kokuhirwa,

Angalia nilikoandikia.

Nilishuka gatini Bukoba juzi, kutoka kwenye meli ya Mwanza, nikaja mbio Kashai kukutafuta. Sada akaniambia umekwenda Muleba kumuuguza Ma Georgina. Alinipa chai na kuniambia nimekonda, kisha akanipa koti langu la shule, akasema uliagiza nikija nipewe. Hukusema "akija kama atakuja," aliniambia. Ulisema akija. Namwachia dereva wa lori la kahawa barua hii akufikishie.

Jana ukoo umekaa. Ta Lameki aliongea kwanza, na aliongea vizuri, siwezi kumnyima. Alisema miti haimjui mtu aliye kwenye barafu. Nilipopewa nafasi nilikuwa nimelivaa koti, mikono inafika hapa kwenye viwiko, na wazee walikuwa wanazuia kicheko. Nikasema, "Mlisema asiyekuwepo na lake halipo. Mimi nipo." Wakanikalisha kwenye kiti cha Taata, wakanipa kahawa nitafune, wakawapa na wengine.

Kisha nikawaeleza kwamba Januari nakwenda Dar es Salaam, nimepewa kazi ya kufundisha chuoni, na kazi hiyo iko kwenye bahari. Kukawa na makelele. Ta Lameki akasema, mnaona? Nikamwambia baba mdogo, mimi ndiye omusika, na nani alale nyumbani kwangu ni neno langu. Atalala dada yangu, mpaka atakapozeeka na baada ya hapo. Wakatazamana. Mzee Mwijage, mkubwa wa ukoo, akasema mila haijakataza hilo, ni kwamba hakuna aliyewahi kuliuliza. Vyungu vya yule mama vimeondoka leo asubuhi. Mlamula nao tumeupanda upya.

Sitakudanganya, nitaondoka. Nitakuja kila mwezi wa senene. Nilipokuwa huko nilipatamani hapa, na najua nikiwa Dar nitapatamani tena, na wewe utakuwa unatazama barabara. Sijui dawa yake.

Kaburini nimekwenda, nimesimama, lakini sijamwambia kitu. Barua zangu zote kwake ulikuwa unamsomea wewe. Hii iliyo ndani imeandikwa jina lake, na mimi sijui kuisoma kwa sauti aliyoizoea. Njoo umsomee.

Josia


(karatasi ya ndani)

Taata,

Mwaka ule wa Uhuru, kabla ya mvua, manahodha waliopita karibu na pwani yetu waliandika kwamba maji ya bahari yalikuwa na joto kuliko kawaida. Bahari yenye joto hutoa mvuke mwingi. Nadhani upepo uliubeba mvuke huo mpaka kwetu ukaangukia milima yetu, mito yetu, na shamba la viazi la Ma Georgina. Wataalamu watabishana, waache wabishane. Naamini maji yaliyolijaza ziwa letu yalitoka baharini.

Mimi nilisema ni maji mawili. Wewe ulisema ni mamoja, na ukaningoja.

Kokuhirwa alikwambia wamefika, akadhani anakudanganya. Hakukudanganya, Taata. Wamefika kwenye Nyanja yetu.

Mwanao